Uliza Kocha: "Kijana wangu anatolewa kila baada ya dakika nne"

SWALI: Habari ya kazi, Kocha. Kijana wangu ana miaka 18. Mwaka jana alimaliza Kidato cha Nne katika shule moja ya Bungoma. Alikuwa nahodha wa timu ya magongo (hoki), na kwenye michezo ya muhula wa kwanza alifunga mabao hadi wazee wa kijiji wakamjua kwa jina. Mwezi wa pili klabu moja ya Ligi Kuu hapa Nairobi ikamchukua, sasa anakaa nami.

Jumamosi iliyopita nilifunga kibanda changu cha mboga mapema nikaenda City Park kumwona. Aliingia robo ya pili, akacheza dakika nne (nilihesabu kwa simu), akatolewa. Akarudishwa, akatolewa tena. Mara ya tatu nikashindwa kutazama. Nyumbani hasemi kitu, ni kula na kulala tu. Nauli ya mazoezi natoa mimi, mara tatu kwa wiki. Namba ya kocha wake ninayo. Nimpigie nimuulize mtoto amekosa nini?
Mama Winga, Kangemi

JIBU: Mama Winga, usimpigie. Sababu nitakupa, lakini kwanza tumalize zile dakika nne, maana hapo umeumia bure.

Umezoea soka, kama sisi sote. Kwenye soka anayetoka ndiyo basi, na akitolewa mapema jukwaa zima hunong'ona. Magongoni si hivyo. Wachezaji 11 wako uwanjani, wengine hadi 7 wako benchi, na mtu anaweza kutoka na kuingia hata mara kumi bila mchezo kusimamishwa. Mechi ni robo 4 za dakika 15. Winga anayekimbia kweli, kwenda kushambulia na kurudi kukaba, baada ya dakika nne au tano hana kitu miguuni. Anatolewa avute pumzi, anywe maji, aambiwe neno moja, arudi. Kijana asiyetakiwa hukaa na jaketi lake mpaka filimbi ya mwisho. Wako alirudishwa. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huyu kocha amempa wako siku ya kwanza.

Mimi mwenyewe nilichekwa kwa jambo hilihili. Mwaka 2003, mechi yangu ya kwanza ya ligi, nilikuwa beki wa kulia. Enzi hizo tulicheza vipindi 2 vya dakika 35. Nilipoona naitwa nje mapema nikajua nimefukuzwa. Nikaenda nyuma ya benchi nikavua viatu, nikavua na kinga za ugoko, nikaanza kulia. Haikupita muda kocha akaita jina langu niingie. Niliingia nikiwa nimechelewa, kamba za viatu zinaburuta, na timu nzima ilinitania msimu mzima.

Sasa tuje kwa kinachomsumbua kweli, kwa sababu kipo. Sijamwona akicheza, ila nimewapokea wengi waliotoka kwenye viwanja kama alivyochezea. Kule mpira hupiga jiwe ukaruka, hupiga kichuguu ukageuka. Mtoto anajifunza kuusubiri: anainama, anaukomesha kwanza, halafu ndipo anainua kichwa aone nani yuko wapi. Kwa uwanja ule hiyo ni akili. Kwenye nyasi bandia hiyo ndiyo nafasi ya kunyang'anywa. Mpira huko unanyooka na kufika haraka, na beki wa ligi anafika nao. Inabidi kijana awe ameshatazama nyuma yake na pembeni kabla mpira haujamgusa gongo. Nguvu anazo, mbio anazo. Macho ndiyo yanayofika nyuma.

Na wala asijione mjinga. Nchi nzima ilipata taabu hiyohiyo. Kenya iliyomaliza ya sita Olimpiki ya Tokyo 1964, na ya nne Kombe la Dunia la Barcelona 1971, ilicheza juu ya nyasi za kuota. Beki wetu Avtar Singh Sohal alienda Olimpiki 4, kuanzia Rome 1960 hadi Munich 1972, na zote alizicheza kwenye nyasi hizo. Montreal 1976 mashindano yakahamia nyasi bandia. Baada ya hapo wanaume wetu wamefika Olimpiki mwaka 1984 na 1988 tu. Sisemi ni kapeti peke yake lililotuangusha, lakini waliolitandika mapema wakawa na viwanja vingi vya kulelea vijana walitupita.

Jambo la pili ni dogo na ndilo linalowatoa vijana wengi. Tangu 2009 sheria inamruhusu aliyechezewa faulo kuanzisha mpira na kuondoka nao mwenyewe, si lazima ampasie mwenzake. Kijana wa shule akipuliziwa kwa faulo aliyoifanya yeye hugeuka, hushika kiuno, humtazama refa. Akirudisha macho, mtu ameshapita na mpira. Akijaribu kumzuia kabla hajasogea mita tano, anaonyeshwa kadi ya kijani, na hiyo ni dakika 2 nje, timu ikibaki pungufu. Makocha hawasahau kadi za namna hiyo. Mwambie siku akipuliziwa arudi kinyumenyume, uso kwa mpira, mdomo umefungwa.

Kunyamaza kwake nyumbani kusikutishe sana. Kule Bungoma alikuwa jogoo. Hapa kila aliye kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo alikuwa nahodha wa shule fulani. Usimuulize "mbona ulitolewa?" Muulize, "Ulipoitwa nje uliambiwa nini?" Akikujibu kwa maneno yaliyonyooka, kwa mfano alikuwa anachelewa kurudi kukaba, basi anafundishwa, kaa utulie. Akikuambia miezi inapita na hajawahi kuambiwa chochote, hapo nitaanza kuwa na wasiwasi pamoja nawe. Na hata hapo aende kuuliza yeye, kabla ya mazoezi, si baada ya mechi waliyopoteza.

Ndiyo sababu nimekukataza simu. Ana miaka 18. Kocha akipigiwa na mama, siku ya pili kikosi kizima kinajua, na wachezaji hawana huruma. Ningepiga kwa jambo moja tu: amegongwa kichwa na anaendelea kuchezeshwa. Hapo piga hata usiku wa manane. Na akiwa ndani ya kile kikosi cha kuzuia kona ya penalti (pigo wanalopewa washambuliaji, mpira ukianzishwa kutoka mstari wa goli), hakikisha anavaa barakoa ya uso na kinga ya meno. Mpira ule una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe.

Nauli nayo asiichukue kwako milele. Amwendee meneja wa timu aulize wanasaidiaje, na ajibiwe waziwazi. Tusidanganyane, magongo hapa kwetu hayalipi kama soka. Wengi niliowaona wakidumu walikuwa na kitu kingine mkononi: kazi kwenye kikosi kama wale wa Kenya Police, au masomo kwenye chuo chenye timu, kama Strathmore. Gredi zake za Kidato cha Nne hukuzitaja. Zitoe kabatini mwaka huu, akiwa bado na miguu ya kumfungulia mlango wa chuo.

Ugali na mayai usimpunguzie. Kulala kwake mwachie.

SWALI: Kocha, mpwa wangu ni beki, yuko Kidato cha Tatu. Nimeona gongo la kaboni la mtumba, ila limepinda kama upinde. Ni halali?
Mjomba, Umoja

JIBU: Mjomba, lilaze mezani, upande bapa wa kupigia ukiwa chini, upime kwa rula ule mwanya ulio katikati. Ukizidi milimita 25 mwamuzi atalikataa. Hata likipita, mpinde mkali unaoanzia chini ni wa wale wanaovuta na kurusha kwenye kona za penalti. Beki anayezuia na kupiga pasi ndefu utamsumbua. Kaboni nyingi nayo hufanya gongo liwe kavu, mpira unamdundia mtoto ambaye bado anajifunza kuutuliza. Mtafutie lenye kaboni kidogo. Kisha pitisha kidole polepole kwenye kingo zote, hasa kule chini linakojikunja. Ukihisi ufa au nyuzi zimeanza kuchomoza, mrudishie mwenye duka.