Wasomaji Wanauliza: Je, Mbio Hurithiwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika ujana wangu nilikimbia mita 1500 hadi nikafika mashindano ya mkoa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 13, na tangu mwaka jana ninamwamsha saa kumi alfajiri ili tukimbie pamoja kabla hajaenda shule. Hata hivyo, katika mchujo wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, alishika nafasi ya sita, na aliyeshinda ni mtoto wa jirani yetu muuza nafaka, ambaye yeye na mkewe sijawahi kuwaona wakikimbia hata kuliwahi basi. Shemeji yangu hushikilia kwamba kipaji ni cha damu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwalimu wa michezo anasema ni mazoezi tu. Mwanangu amewaumbua wote wawili. Ni yupi asemaye kweli, na je, niendelee kumwamsha? – Baba, Singida.

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na umri wa mwanao, kwa sababu humo mna sehemu kubwa ya jibu ingawa hukuuliza habari zake. Watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kupishana kwa miaka miwili au zaidi katika ukuaji wa mwili, na aliyetangulia kubalehe huwa na miguu mirefu zaidi, misuli zaidi na moyo mkubwa zaidi kuliko mwenzake ambaye bado. Mtazame vizuri huyo mtoto wa jirani: ikiwa sauti yake imeanza kukwaruza na suruali ya shule imemwacha vifundo vya miguu nje, basi huenda ulichokiona siku ya mchujo ni mtoto aliyewahi kukua akishindana na mtoto anayechelewa, wala si damu yako ikishindwa na ya muuza nafaka.

Shemeji yako naye hana ushahidi haba. David Rudisha wa Kenya, aliyeshinda mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91, ni mtoto wa Daniel Rudisha, mmoja wa Wakenya wanne waliotwaa nishani ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne kule Mexico mwaka 1968. Mama yake pia alikuwa mwanariadha. Ethiopia wana ndugu watatu wa tumbo moja, Ejegayehu, Tirunesh na Genzebe Dibaba, ambao kila mmoja ana nishani ya Olimpiki, na Derartu Tulu, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 wa mwaka 1992, ni binamu yao. Mtu akiyasikia hayo, ataona kesi imekwisha. Lakini mzazi hampi mtoto damu peke yake. Mtoto wa Daniel Rudisha alikua akijua kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani kwao akafika Olimpiki, jambo ambalo kwa jirani lilikuwa hadithi ya redioni. Kisha akapita katika mikono ya Colm O'Connell, mtawa wa Kiayalandi aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St. Patrick's na akaishia kuwa kocha wa mabingwa. Katika maisha ya mtu mmoja, nani atatenganisha kilichotoka kwa baba na kilichotoka kwa kocha?

Watafiti wa Marekani na Kanada walijaribu kuyatenganisha katika miaka ya 1990, wakachukua watu 481 wasiokuwa na desturi ya mazoezi, kutoka familia 98, wazazi pamoja na watoto wao, wakawapandisha juu ya baiskeli za mazoezi kwa majuma 20, wote kwa utaratibu mmoja. Kabla na baada walipima kiasi cha oksijeni ambacho mwili wa kila mmoja uliweza kutumia kwa dakika, yaani kile ambacho wakimbiaji tunakiita pumzi. Kwa wastani pumzi iliongezeka kwa takriban mililita 400. Wastani huo, hata hivyo, ulificha jambo: wapo ambao hawakuongeza karibu chochote, na wapo walioongeza zaidi ya lita nzima, tena watu wa nyumba moja walifanana kuliko watu wa nyumba tofauti. Ilikadiriwa kwamba karibu nusu ya tofauti hiyo ilitokana na urithi.

Zingatia kilichorithiwa hapo. Si mbio zenyewe, bali ni jinsi mwili unavyoyapokea mazoezi. Kwa hiyo mwalimu wa michezo na shemeji yako wanabishania kitu kimoja, na kwa maoni yangu mwalimu ndiye anayekosea zaidi, maana anampa kila mtoto ahadi ambayo mwili wa mtoto huenda usiitimize. Ila kasoro ya shemeji ni kwamba urithi wa aina hiyo hauonekani kwa macho, wala hauonekani kabla mtu hajafanya mazoezi.

Hata pale urithi unapokuwa wazi kabisa, hautoshi. Eero Mäntyranta wa Finland, aliyetwaa nishani saba za Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye theluji, alizaliwa na hitilafu katika jeni moja iliyoufanya mwili wake utengeneze chembe nyekundu za damu kupita kiasi, na kwa hiyo kubeba oksijeni nyingi. Ndugu zake kadhaa walikuwa na hitilafu hiyo hiyo, lakini wengi wao waliishi maisha ya kawaida. (Utakutana pia na matangazo ya vipimo vya jeni vya kumjua bingwa mtarajiwa. Usitoe fedha zako. Jeni inayotajwa sana, ACTN3, ambayo inahusika na misuli ya kasi, iko timamu katika miili ya mabilioni ya watu.)

Kuhusu alfajiri: acha. Mtoto wa miaka 13 hukua akiwa usingizini, na saa kumi ni usiku wa manane kwake. Alphonce Simbu, mtu wa mkoani kwako, alipata shaba ya dunia ya marathoni huko London mwaka 2017, na dhahabu ikamjia Tokyo mwaka 2025 akiwa na miaka 33, kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Huna sababu ya kukimbizana na mchujo wa darasa la saba.

Mpeleke uwanjani jioni mara mbili au tatu kwa juma, umjaribu katika mita 100, 400 na 3000, na hata kuruka chini, kwani uliyemrithisha pumzi ya 1500 anaweza kuwa amechukua miguu ya mjomba wake. Muulize pia kama anapenda kukimbia. Katika barua yako yote hukusema kama uliwahi kumuuliza. Na siku mtakapokwenda, mpitieni na mtoto wa muuza nafaka.