Kikao cha shule na qaswida ya binti yangu viligongana, nimwombeje radhi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu na tunaishi Mbagala, Dar es Salaam. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 13 na yuko darasa la saba. Wa pili ni binti wa miaka 10, yuko darasa la nne. Mdogo ana miaka 5 na anasoma chekechea. Baba yao anafanya kazi ya zamu bandarini, na mimi nauza duka Kariakoo hadi saa 8 mchana. Jioni zetu zimejaa. Kaka mtu ana mpira na mazoezi ya mahafali. Binti hutoka shule saa 9:30, huingia madrasa saa 10 hadi saa 12, kisha huenda tuisheni kuanzia saa 12:30 hadi saa 2 usiku, na ndipo afanye kazi alizopewa shuleni, ale, alale saa 4. Saa 11 alfajiri namwamsha. Mdogo mara nyingi husinzia kwenye kochi kabla chakula hakijaiva.

Jumatano iliyopita niliitwa kwenye kikao cha wazazi wa darasa la saba saa 9 alasiri, kwa ujumbe uliotumwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Siku hiyohiyo, saa 10:30, madrasa walikuwa na hafla, na binti yangu alikuwa miongoni mwa waimbaji wa qaswida. Nilidhani nitawahi. Kikao kilianza saa 10 na kikaisha saa 11:30. Nilipofika madrasa mikeka ilikuwa inakunjwa, na mwanangu ameketi barazani na mtandio wake mweupe, boksi la juisi mkononi halijafunguliwa. Aliniambia, "Mama, niliwekwa mstari wa mbele." Tangu hapo nikimuuliza hujibu, lakini hanisimulii kitu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na binti, kwa sababu ratiba inaweza kungoja hadi kesho lakini yeye ameshangoja vya kutosha.

Mwite mkiwa wawili, nawe umeacha kazi ya mkono, na umwombe radhi kwa maneno yasiyo na "lakini" ndani yake. Usimweleze habari za foleni wala za kikao kuchelewa, kwa maana anazijua, na kila sababu utakayoitoa itamlazimisha akusamehe kabla hajasema kilichomuuma. Mwambie kwamba alikutafuta kwa macho akakukosa, na kwamba ulikosea kudhani utawahi. Kisha nyamaza umsikilize, hata akilia. Siku nyingine baba yao akiwa nyumbani, muulizeni kama angependa kuwaimbia ile qaswida. Akikataa, msimbembeleze, kwa kuwa kuimba sebuleni hakuwezi kuwa sawa na kuimba mbele ya wenzake, na yeye anajua hivyo kuliko sisi.

Sasa nakuja kwenye mgongano wenyewe. Mambo tunayoitiwa kwa ajili ya watoto ni ya aina mbili, na wazazi wengi tunayachanganya. Yapo tunayokwenda kuchukua taarifa: kikao, michango ya mahafali, tarehe za mitihani. Hayo mzazi mwenzako anaweza kukusimulia jioni ileile, au mwalimu wa darasa akakueleza kesho yake ukimwomba kwa adabu. Yapo pia ambayo mtoto anakwenda kutazamwa, na hayo hayasimuliki. Vinapogongana, nenda kwa mtoto anayetazamwa, kisha mtumie mwalimu ujumbe wa kuomba udhuru ukimtaja mzazi atakayekupokelea habari. Ukishindwa kabisa kufika, tuma mtu ambaye mtoto anampenda, awe bibi, mama mdogo au jirani aliyemlea, na umwambie mtoto mapema nani atakuja, ili asiwe anatazama mlangoni huku anaimba.

Limebaki jambo ambalo hukuniuliza, nami nalisema kwa sababu limenigusa. Binti analala saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, yaani saa 7 za usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walitaja saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Kwa hiyo, hata tukichukua kiwango cha chini kabisa, binti yako anapaswa awe amelala saa 2 usiku, saa ambayo ndiyo kwanza anatoka tuisheni. Kila siku anapungukiwa saa 2, na kwa siku 5 za shule ni saa 10. Najua unauogopa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo mtoto aliyechoka husoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa. Ningeiondoa tuisheni ya usiku na kumwomba mwalimu amfundishe Jumamosi asubuhi. Kazi za shule azifanye mara tu arudipo kutoka madrasa, chakula kiwe kimepikwa mapema ili hata mdogo ale akiwa macho, na wote wawili wawe kitandani saa 2.

Mpira wa kaka mtu usiuguse. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za kuutumia mwili kila siku, na mtahiniwa wa darasa la saba anauhitaji mchezo kama wengine. Mwekee sharti moja tu, kwamba adhana ya Magharibi imkute njiani kurudi nyumbani. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasorobo mwaka mzima, kwa hiyo sharti hilo halimnyimi mchezo.

SWALI: Shangazi, mimi ni baba, niko Tanga. Kwenye vikao vya shule nakuta kina mama watupu na naona haya kuingia. Je, si vyema nimwachie mke wangu?

JIBU: Ingia, baba. Kaa karibu na mlango ikiwa hilo linakupunguzia haya, na kikao kikiisha mwombe mwalimu daftari moja la mtoto wako, lolote, mlipitie pamoja kwa dakika 5. Jioni hiyo, kabla mtoto hajaenda kuoga, mwambie ukurasa gani umeupenda.