Ripoti ikisema MLH1 haionekani: yaliyotukuta sisi Kisumu

Ndugu wa Kakamega, pole sana kwa mama. Umeuliza kama nyinyi watoto mmerithi saratani kwa sababu ripoti ya uvimbe wake wa utumbo mpana inasema protini ya MLH1 haionekani. Tafadhali usiwaambie wenzako hivyo bado. Sisi tulikimbilia hapo hapo, tukalia miezi miwili bure.

Mamangu alikuwa na miaka 71, akiuza nguo soko la Kibuye. Alianza kwa kupungukiwa damu tu. Tulimtibu malaria mara mbili, kumbe uvimbe uko upande wa kulia wa utumbo, unavuja polepole hata chooni hakuonekani kitu. Akapasuliwa, ripoti ikaja na maneno hayo hayo uliyoandika.

MLH1 ni jeni, na protini inayotoka kwake husaidia kurekebisha makosa seli inaponakili DNA. Ikiwa na hitilafu ya kurithi, huo ni ugonjwa wa Lynch, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Lakini mara nyingi zaidi, hasa kwa wazee, jeni yenyewe ni nzima, ila vijisehemu vya kemikali viitwavyo methili vimejibandika pale mwanzo wake na kuizima. Hiyo ndiyo epijenetiki. Daktari alimwambia mama: "Duka lina bidhaa zote, ila limepigwa kufuli." Mama akaelewa kabla yetu sote.

Omba vipimo viwili kwenye uvimbe: BRAF, yaani badiliko la jeni nyingine ambalo kwa kawaida halionekani kwenye uvimbe wa Lynch, na methili ya MLH1. Hakatwi tena, wanatumia kipande kile kile kilichohifadhiwa maabara. Chetu kilipelekwa Nairobi. Vyote viwili vikatoka chanya, ishara kwamba jeni ilizimwa tu, na hofu ya kurithi ikapungua sana.

Kuhusu ugonjwa kurudi, hapa usilegee. Utumbo uliobaki unaweza kuwa na alama hizo hizo za methili ingawa kwa macho ni mzima. Ndiyo maana mama aliingizwa kamera tena baada ya mwaka 1. Walikuta kinyama bapa, kidogo, wakakitoa siku ile ile. Nauli na ada zilituumiza, lakini ningelipa tena.

Mama yako alikuwa na miaka mingapi alipogunduliwa? Kama ni chini ya 50, au kuna shangazi au mjomba aliyeugua utumbo au mji wa mimba, mwambie daktari wiki hii, msisubiri kliniki ijayo.