Kwa mnaoanza kazi kiwandani: saa iliyookolewa na mashine ni ya nani?

Vijana mnaoingia msimu huu kwenye viwanda vya kukoboa kahawa hapa Moshi, karibuni. Kabla hamjazoea vumbi mtasikia watu wakiulizana kama mashine zitamaliza kazi. Wengine watawaambia ndiyo, wengine hapana, na chai itaisha ubishi ukiwa palepale. Mimi nawashauri muulize jambo jingine: muda unaookolewa na mashine unaingia mfukoni mwa nani?

Chukueni mfano wa uchambuaji. Kahawa ikishatolewa maganda na kupita kwenye chekeche, ikagawanyika AA, A, B, PB (ile ya mviringo) na madaraja mengine, bado imechanganyika na punje mbovu: nyeusi, zilizochacha, zilizotobolewa na ruhuka (mdudu wa kahawa). Kuzitoa ilikuwa kazi ya akina mama. Walikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na rundo lake, vidole vinachagua huku midomo inajadili harusi ya Uru, bei ya mahindi, na nani hajalipa mchango wa kikundi. Siku hizi punje zinateremka kwenye vijia vyembamba, kamera inazitazama, na iliyo mbovu inapulizwa na upepo mkali inaangukia pembeni. Jicho lako haliwezi kuifuata.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui. Mashine ile haizaliwi ikijua kahawa mbovu inafananaje. Fundi anapoitega anataka sampuli ya punje nzuri na sampuli ya mbovu, aionyeshe. Nilikoanzia kazi, sampuli hizo zilichambuliwa na akina mama walewale, tena wale wenye jicho kali zaidi. Msimu uliofuata wengi wao hawakuitwa. Hakuna aliyewaeleza kitu. Orodha ilibandikwa getini, majina hayamo. Baadhi walihamia Kiboriloni kwenye mitumba. Fedha labda walizipata, sijui, lakini ile meza hawakuipata tena, na mchango wa kikundi uliokuwa ukikusanywa palepale nao ukafa.

Kwa hiyo, kwa upande wa ufundi, msikubali kuwa watu wa kubonyeza vitufe tu. Usikodolee skrini kutwa nzima. Nenda kwenye rijekti, yaani kahawa iliyotupwa pembeni na mashine, chota konzi moja, imwage kwenye karatasi nyeupe, uitazame punje kwa punje. Halafu fanya vivyo hivyo na kahawa iliyopita. Kioo cha kamera kikishika vumbi, mashine inaiona kahawa safi kama chafu na kuitupa, na hapo AA ya mkulima wa Kibosho inalala kwenye gunia la bei ya chini wakati skrini inakuonyesha kila kitu ni shwari. Upepo wa kompresa ukiwa dhaifu unapata kinyume chake, mbovu zinapita. Anayegundua hayo mapema ni yule aliyezoea kushika kahawa kwa mkono.

Jifunzeni pia kuonja. Kamera inaona rangi, haionji kikombe. Kuna punje nzuri kwa macho ambayo imechacha ndani, ikichemshwa inaharibu kikombe kizima, na mnunuzi makini ataigundua kwa kijiko chake. Omba kukaa na waonjaji hata kama kazi yako ni kuosha vikombe. Na fundi wa mashine akija, msalimie, msogelee, mwambie, "Shikamoo fundi, naomba nikushikie tochi." Wengi hawakatai, na ukimshikia tochi mara kadhaa utajua alichofungua na kwa nini.

Narudi kwenye muda. Mwaka 1930 mchumi wa Kiingereza John Maynard Keynes alitabiri kwamba katika miaka mia moja watu wa nchi kama yake watafanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Utajiri alioutabiri ulikuja. Saa 15 hazijaonekana. Muda uliookolewa ulikwenda kwenye bidhaa nyingi zaidi, kwenye faida, na kwa watu wengine ukaja kama barua ya kuachishwa.

Na tusidanganyane kwamba kukaa bila kazi ni raha. Kiwanda cha nguo cha kijiji cha Marienthal, Austria, kilipofungwa karibu na mwaka huohuo, watafiti akina Marie Jahoda walikwenda kuangalia watu wanavyoutumia ule muda wote. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua badala ya kuongezeka. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani. Wanawake hawakuwa hivyo, maana kazi za nyumbani hazikufungwa. (Hapo nacheka kidogo, mama yeyote wa Pasua angewaambia bila utafiti.) Saa ileile moja ikija na mshahara inaitwa mapumziko, ikija bila mshahara ni kijiwe.

Ndiyo maana nasisitiza makaratasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Mwajiri anayetaka kupunguza watu, iwe kwa sababu ya mashine au nyingine, anatakiwa kutoa taarifa ya nia yake, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, au na wafanyakazi wenyewe kama chama hakipo. Hapo ndipo pa kuuliza nani atafundishwa mashine mpya, na kama zamu zinaweza kufupishwa badala ya watu kuondolewa. Aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo ana kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10.

Kibarua wa msimu ndiye anayepata tabu zaidi kuthibitisha muda wake. Tunza mkataba wa kila msimu, hati za malipo, hata kitambulisho cha getini. Piga picha uweke kwenye simu. Ukiona umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko hayo ndani ya siku 30, na siku hizo zinahesabiwa tangu ulipoachishwa, si tangu siku uliyopata nauli ya kwenda kulalamika.