Imeloki sio imeanza, madogo

Jana jioni tuko Ngamiani tunasubiri muhogo uive, dogo mmoja anatamba eti "wachimbaji washafika asilimia 90, mambo yamekwisha". Anazungumzia sheria mpya ya Bitcoin: wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazotengeneza bloku (kurasa za daftari la miamala), wanaonyesha kama wako tayari, wakitosha sheria "inaloki", yaani imepita ila bado haijaanza. Nikamtazama tu. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2021, yakanigharimu. Haya, kaeni chini.

1. Wachimbaji hawapigi kura, wanaashiria tu kwamba wako tayari, na kunyoosha mkono si kujua. BIP66 (BIP ni pendekezo la kubadili Bitcoin), Julai 2015, ilikuwa inataka bloku 950 kati ya 1,000, zikapatikana, halafu ikatoka bloku mbovu moja, iliyovunja sheria hiyo, na waliokuwa wanachimba bila kukagua wakajenga juu yake, bloku sita nzima zikatupwa. Mikono walinyoosha vizuri kabisa.

2. Hii ndio yenye kidonda. Taproot, sheria mpya ya saini na anwani, ilitaka bloku 1,815 kati ya 2,016, zikatimia Juni 2021, ikaloki. Mimi furaha juu, usiku huohuo natengeneza anwani ya bc1p (aina ya Taproot) na ufunguo wangu nimeutunza vizuri, nikahamishia pale bitcoin za shemeji yangu, hela ya bati za nyumba yake kule Pongwe, kanikabidhi mimi kwa kuwa "we ndo unajua haya mambo". Sasa sikilizeni: sheria yenyewe inaanza bloku 709,632, yaani 14 Novemba, miezi mitano mbele! Kabla ya hapo nodi (kompyuta zinazokagua bloku) hazidai saini yoyote kwenye hela ya bc1p, mchimbaji yeyote akiitaka anajichotea. Nimetia kufuli mlango ambao hata fremu haijawekwa. Wiki ya pili nafungua waleti, sifuri. Nikazima simu nikaiwasha, nikabadili laini, nikafungua kwenye kompyuta, sifuri ileile. Bloku iliyobeba naiona, ni halali kabisa, utamshtaki nani? Shemeji nilimwambia mtandao unasumbua, siku tatu mtandao unasumbua, ya nne akaja mwenyewe mpaka mlangoni, hakufoka, akaomba maji ya kunywa tu, bora angefoka. Nimemlipa kidogokidogo mwaka mzima na bado akinipigia nashtuka.

3. Anayekubali sheria ni nodi yako. 2017 SegWit, sheria nyingine mpya, ilikwama, asilimia 95 haifikiwi, watu wa nodi wakatangaza BIP148: kuanzia 1 Agosti bloku isiyoashiria tunaikataa. Kabla ya tarehe hiyo wachimbaji wakapitisha BIP91, ya kulazimisha kila bloku iashirie SegWit, na 24 Agosti SegWit ikaanza. Nani alimtisha nani? Wanabishana mpaka kesho. Waliokuwa hawataki kabisa walishajitoa siku ileile ya tarehe 1 na sarafu yao ya Bitcoin Cash.

4. Hesabu bloku, usihesabu siku.

5. Apdeti programu ya nodi mapema, sio usiku wa mwisho na umeme wenyewe ndo huu. Na wewe wa jana, nodi yako nimeichungulia, toleo la 2020, haijui hata Taproot ni mdudu gani, na ndo unatutangazia asilimia. Njoo Jumamosi, usisahau flashi.