Maswali na majibu: Gari linabinuka kwenye zulia, tuongeze dawa ya matairi?

Swali

Fundi, salaam na pole na kazi. Mwanangu wa miaka 12 ana gari la rimoti, Kyosho Mini-Z la 1/28 (yaani dogo mara 28 kuliko gari la kweli), lile linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kila Ijumaa jioni tunakwenda kwenye ukumbi wa shule ambako wanaklabu hutandika zulia na kushindana. Dakika mbili za kwanza gari linakwenda vizuri sana. Baada ya hapo linaanza kubinuka kwenye kona, hasa kona za kulia. Mzee mmoja pale ukumbini alisema gari halina mshiko, akaniuzia kichupa cha dawa ya kupaka matairi. Tumepaka, na hali imezidi kuwa mbaya. Sasa ananishauri ninunue mota yenye nguvu zaidi, au niliuze nimnunulie mtoto la 1/12. Nifuate lipi?

Mama wa dereva, Leicester

Jibu

Dada yangu, usifuate hata moja. Mota usinunue, gari usiuze, na hicho kichupa kitoe kwenye begi la mtoto sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Kila majira ya baridi, mazulia yanapoanza kutandikwa kumbini, magari yenye ugonjwa huu huja mezani kwangu moja baada ya jingine. Karibu yote yamekwishapakwa kitu kabla sijayashika. Nayasikia harufu kabla sijafungua boksi. Na mwenye gari ananiambia maneno yaleyale uliyoambiwa wewe: linabinuka kwa sababu halina mshiko.

Gari lisilo na mshiko huteleza. Mkia unatoka, au pua inakataa kugeuka na gari linakwenda kugonga ubao wa pembeni. Linaweza kuzunguka kama pia, lakini magurudumu yote manne yanabaki chini. Ili gari libinuke kwenye zulia tambarare, matairi lazima yawe yameng'ang'ania kupita kiasi. Gari la mwanao lina mshiko mwingi mno, nanyi mmeliongezea mwingine.

Chukua rula uone. Pima kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, ugawe kwa mbili. Tuseme umepata sentimita 3. Kisha kadiria uzito wa gari umekaa kimo gani kutoka chini. Tuseme sentimita 2. Gawa 3 kwa 2, unapata 1.5. Hicho ndicho kikomo cha gari hilo. Nguvu ya kung'ang'ania ikiwa chini ya mara moja na nusu ya uzito wa gari, gari litateleza kabla ya kubinuka. Ikivuka hapo, litabinuka kabla ya kuteleza, hata dereva awe hodari namna gani. Mpira laini kwenye zulia lililokwisha kukanyagwa jioni nzima unaweza kabisa kuvuka hapo. Kwa hiyo njia mbili rahisi za kutoka ni hizi: punguza mshiko, au teremsha uzito. Mota haimo katika hesabu hiyo. Mota kali ingemfikisha mtoto kwenye kona ileile kwa kasi kubwa zaidi, na gari lingebinuka mapema zaidi.

Zile dakika mbili nazo zina maelezo. Matairi ya baridi hayashiki vizuri. Yakipata joto yanalainika, na kile mlichopaka kinakuwa kimepenya ndani ya mpira. Zulia nalo linabadilika: kadiri magari yanavyopita ndivyo linavyoshika, ndiyo maana gari lililokuwa tulivu saa moja jioni linaweza kuwa halidhibitiki saa tatu usiku bila mtu kuligusa.

Sasa kona za kulia. Gari likikata kulia, uzito unaegemea kushoto, na tairi la mbele la kushoto ndilo linalobeba mzigo. Nakuomba ulivute hilo tairi kwa kidole uone kama limeachia kwenye rimu. Matairi ya Mini-Z hushikiliwa kwenye rimu kwa utepe mwembamba wenye gundi pande mbili, na dawa nyingi za kupaka huyeyusha gundi hiyo na kuuvimbisha mpira. Tairi lililovimba na kuachia hujikunja kwenye kona, ukingo wake unachimba zulia kama jembe, gari linajikwaa na kupinduka. Lingoe, safisha rimu, weka utepe mpya na tairi jipya. La zamani litupe. Mpira ukishakunywa dawa haurudi ulivyokuwa.

Tairi likiwa zima, kagua kama chesisi imepinda. Weka gari juu ya kioo, ingiza ncha ya kisu katikati kabisa ya pua na uinue polepole. Magurudumu mawili ya mbele yanatakiwa kuachia kioo kwa pamoja. Moja likitangulia, gari limekaa upande. Mara nyingi ni bodi, lile ganda la juu, inayobana vibaya au skrubu iliyokazwa kupita nyingine, si chesisi yenyewe.

Baada ya hapo, punguza mshiko wa mbele. Matairi ya Mini-Z huuzwa kwa ugumu wa digrii, na namba ikiwa kubwa mpira ni mgumu. Nyuma weka 20 au 30. Mbele weka 40. Kisha chukua supaglu nyepesi, ile inayotiririka kama maji, uipake kwenye ubavu wa nje wa matairi ya mbele na kwenye ukingo wake, ganda jembamba tu, uache likauke kabisa. Ubavu unakuwa mgumu na wenye kuteleza kama plastiki, kwa hiyo gari likiegemea linateleza badala ya kuchimba. Hata wakimbiaji wakubwa wa 1/12 hufanya hivihivi kwenye matairi yao ya sponji. Fanya wewe, si mtoto, na madirisha yawe wazi.

Tazama na bodi. Zile bodi nzuri za plastiki nene zilizopakwa rangi kama gari la kweli zinapendeza kabatini, lakini zinaweka uzito juu. Bodi nyembamba ya leksani, plastiki angavu inayopindika, ni nyepesi sana, nayo peke yake imetibu magari mengi. Mwisho, kwenye rimoti punguza kiasi cha usukani. Mtoto wa miaka 12 hukata usukani wote kwa mara moja, na hakuna gari linalopenda hivyo.

Kuhusu kubadilisha gari nina machache. La 1/12 ni gari la kimashindano hasa: linatumia seli moja ya lithiamu ya volti 3.7, matairi ya sponji ambayo lazima uyachonge kwa mashine yake, na kwa kawaida shindano lake ni la dakika 8. Ni gari zuri, nalipenda kuliko yote. Lakini kanuni ya kununua ni kununua kile ambacho watu wengi wa ukumbi wako tayari wanacho. Hapo ndipo utakapopata wa kushindana naye, wa kukuazima pinioni, ile gia ndogo ya mota, saa mbili usiku, na wa kukuonyesha anavyolitengeneza lake. Ukumbi wenu ukiwa na 1/28 kumi na 1/12 mbili, jibu unalo.

Betri: tumia AAA nne za nikeli zinazochajiwa, za volti 1.2 kila moja, zote za toleo moja na zilizonunuliwa siku moja. Za alkalini za dukani zina volti 1.5 kwenye karatasi, ila mota ikivuta umeme mwingi volti zinaanguka, na gari linalegea katikati ya shindano. Kuna pia betri za lithiamu zenye umbo lilelile la AAA lakini volti 3.7. Usiruhusu mtu akupe hizo. Nne zake ni karibu volti 15 kwenye gari lililoundwa kwa takriban 5, na bodi ya umeme itaungua hapohapo.

Zulia lina adui wake mwingine, nyuzi. Kila mwisho wa jioni toa magurudumu, na kwa kibano chomoa nyuzi na nywele zilizojisokota kwenye ekseli kati ya gurudumu na beringi. Zikikaa wiki tatu zinakuwa kamba, beringi inakauka, mota inafanya kazi maradufu, na mtu anakwambia mota yako imechoka. Gurudumu la mbele likisukumwa kwa kidole lizunguke kwa muda na kusimama polepole. Likisimama ghafla, kuna uzi. Matairi ya mpira yasafishe kwa kuyaviringisha juu ya upande wa gundi wa selotepu, utaona vumbi lote linabaki pale. Kama gari lina difu ya gololi (difu ndiyo inayoruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), shika gia kubwa isizunguke, ujaribu kuzungusha gurudumu moja la nyuma. Lizunguke kwa upinzani laini, bila kukwaruza. Difu za namna hii zilienea kwenye magari ya rimoti kwa kazi ya Cecil Schumacher, mhandisi aliyetoka Cosworth, kampuni ya injini za magari ya mbio, aliyeanzisha kampuni yake Northampton karibu 1980. Si mbali na kwenu, na nikifungua difu moja hadi leo namstahi mtu yule.

Sasa turudi kwenye kichupa, maana ndicho kinachonikosesha usingizi.

Hukuniambia kina nini, na nadhani hujui, kwa sababu aliyekuuzia naye hakuandika. Dawa halali za matairi zipo. Zinauzwa zikiwa na lebo, jina la mtengenezaji na alama za hatari. Waandaaji wa mashindano ya 1/12 mara nyingi hutaja ipi inaruhusiwa, kwa kawaida isiyo na harufu, na mkimbiaji huipaka kwa kipimo: nyuma upana wote wa tairi, mbele labda nusu ya ndani tu, anasubiri, anafuta hadi pakauke. Kumbi nyingi za Mini-Z zinakataza kupaka chochote kabisa. Kaulize kwa wenye ukumbi, si kwa jirani wa mezani.

Vichupa visivyo na lebo ni jambo jingine. Nimeletewa magari yaliyopakwa petroli, yaliyopakwa mafuta ya breki, yaliyopakwa mchanganyiko wa kusafishia rangi. Kimoja kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchulia misuli, ile kila nyumba inaijua. Harufu hiyo ni ya methili salisileti, kitu ambacho kwa miaka mingi watu wa mbio wamekitumia kulainisha mpira, na kweli kinalainisha. Lakini ni ndugu wa aspirini, na mafuta yake halisi yana nguvu kiasi kwamba kijiko kimoja cha chai kikimezwa kinaweza kumuua mtoto mdogo. Hupita pia kwenye ngozi. Na sisi tunakiweka kwenye kichupa kidogo chenye kofia laini, kinachofanana na cha matone ya macho, ndani ya begi lilelile lenye juisi na sambusa za mtoto, na huenda nyumbani kuna mdogo wake wa miaka miwili anayefungua kila kitu.

Mtoto mwenyewe anakipaka kwa vidole. Anainamia tairi kwa dakika kumi, akivuta mvuke, katika ukumbi uliofungwa madirisha kwa sababu ya baridi, pamoja na watoto wengine, na baadhi yao wana pumu. Nimewahi kuona jioni nzima ikivunjwa kwa sababu mtoto mmoja alishindwa kupumua na hakuna aliyeweza kumwambia muuguzi amevuta nini. Aliyekuwa ameuza alikaa kimya. Yule mtoto alipona. Tangu siku hiyo mimi siweki mkono kwenye gari lililopakwa kitu ambacho mwenyewe hawezi kunitajia jina, hata anilipe mara tatu.

Wauzaji hawa wanajua udhaifu wetu wazazi. Tunataka mtoto afurahi Ijumaa hii, si baada ya miezi miwili ya kujifunza kukata kona, na kichupa kina bei ndogo kuliko seti ya matairi. Kwa hiyo anayeteleza anauziwa dawa, anayebinuka anauziwa dawa hiyohiyo, anayeshika mkia anauziwa mbili. Mtu anayetoa tiba moja kwa magonjwa mawili yaliyo kinyume hajui ugonjwa hata mmoja, na hana haki ya kumshauri mama kuhusu mota.

Hicho ulicho nacho usikimwage kwenye sinki wala usikitupe na taka za jikoni. Kifunge, kiweke ndani ya mfuko mwingine, juu mtoto asipofika, na uulize kituo cha taka cha halmashauri wanapokea siku gani kemikali za nyumbani. Ijumaa ingia na matairi mapya makavu, 40 mbele, supaglu ubavuni, usukani umepunguzwa. Likibinuka tena, niandikie ni kona ipi, dakika ya ngapi, na bodi ipi ilikuwa juu yake.