Bodi Huisoma Karatasi: Maneno kwa Wanaoomba Mkopo wa Chuo kwa Mara ya Kwanza

Kwa mwaka mmoja nilikuwa waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi wa chuo nilichosoma hapa Tanzania, na kila majina ya waliopangiwa mikopo yalipotoka, mezani kwangu palijaa vijana wenye malalamiko ya aina moja: "Kaka, nyumbani hali ni ngumu kweli, mbona mimi nimekosa?" Wengi wao walikuwa wanasema kweli. Lakini Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa mkopo kwa kupima uhitaji wa mwombaji, na uhitaji huo haiupimi kwa kufika kwenu ikakaribishwa chai. Huupima kwa nyaraka ulizoambatisha. Shida ambayo haikuingia kwenye karatasi, kwa mpimaji haipo.

Jambo la kwanza ambalo ningemwambia mdogo wangu aliyemaliza kidato cha sita leo ni kuketi na vyeti vyake vyote na kuyasoma majina herufi kwa herufi. Mimi mwenyewe nilijikwaa hapo. Cheti changu cha kuzaliwa kilimwandika baba "Othman", cha kidato cha nne kikamwandika "Athumani", na kwa kuwa mtaani hayo ni jina moja, sikuona kasoro yoyote mpaka siku nilipokaa kwenye stesheneri kujaza fomu. Nililazimika kutafuta wakili wa kunitayarishia hati ya kuthibitisha kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, huku siku za dirisha la maombi zikiyoyoma. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa kwanza na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kwa waliozaliwa Zanzibar huhakikiwa na mamlaka ya huko inayosajili matukio ya kijamii. Ukisubiri wiki ya mwisho, wakati ambapo nchi nzima inahakiki, utapanga foleni kama wengine na hakuna wa kukupitisha mbele. Kumbuka pia kwamba namba ya mtihani wa kidato cha nne unayojaza kwenye maombi ya mkopo ndiyo iwe ileile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na nimeona watu wakiombea chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, kisha mifumo miwili ikashindwa kuwatambua kuwa ni mtu mmoja.

Baada ya majina ndipo unapofika ushahidi wa hali yenyewe. Yatima huambatisha cheti cha kifo kilichohakikiwa, na hapa ieleweke kwamba kibali cha mazishi au barua ya mjumbe haishiki nafasi ya cheti hicho. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huhitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyetoka kwenye kaya inayonufaika na TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini, ahakikishe taarifa hiyo imeingia, na aliyesomeshwa sekondari na mfadhili alete barua ya mfadhili huyo. Nilimhudumia binti mmoja aliyeona haya kuandika kwamba ada yake ya sekondari ililipwa na kanisa, akaacha sehemu ile wazi. Mpimaji akabaki na picha ya familia iliyomudu kulipa yenyewe. Kuona haya kwa namna hiyo hugharimu.

Fomu ikishasainiwa na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, ipitie ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuipakia. Muhuri uliokosekana ni kosa dogo kabisa, na ndilo nililoliona mara nyingi kuliko yote.

Ukipata, usiishie kusoma jumla. Mkopo hugawanywa kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Mtu anaweza kupewa chakula na malazi kikamilifu lakini ada akapewa kipande tu, kisha akashangaa chuo kinamzuia kwenye mtihani kwa sababu anadaiwa. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wote huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, na kwa kawaida huja kwa awamu za siku 60, yaani shilingi 600,000 kwa mkupuo. Nimekaa hosteli na watu waliokula chipsi kuku wiki mbili za kwanza na uji wiki sita zilizofuata, kwa hiyo hesabu hiyo ya shilingi 10,000 kwa siku ichukulieni kama ilivyoandikwa. Kila awamu pia husainiwa, na fedha isiyosainiwa kwa wakati hurejeshwa Bodi. Ukipata msiba au ugonjwa, mjulishe afisa mikopo wa chuo kabla ya kusafiri, kwa sababu kuifuata fedha iliyokwisha kurudi ni safari ndefu.

Mkopo wa mwaka unaofuata hutegemea matokeo ya mwaka uliopita. Anayekariri mwaka, anayeahirisha masomo au anayehama chuo asidhani mkopo utamfuata wenyewe. Uhamisho wa mwanafunzi na uhamisho wa mkopo wake ni mambo mawili, na la pili lazima ulifuatilie ofisini.

Wapo watakaouliza kuhusu ufadhili usiorejeshwa. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka 2022/2023, huwalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu masomo ya sayansi katika kidato cha sita, kwa hiyo uhitaji peke yake haukuingizi humo. Na aliyekwisha kupata mfadhili wa kumlipia kila kitu asiombe mkopo juu yake.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, kilichopo ni deni. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowaumiza waliotutangulia, ilifutwa mwaka 2021, ila deni lenyewe lipo palepale, hata kwa aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwa mshahara wa shilingi 700,000, hizo ni shilingi 105,000 kila mwezi kabla hujalipa kodi ya chumba. Mwajiri anapaswa kukata na kupeleka, lakini salio ni lako, kwa hiyo omba taarifa ya deni lako angalau mara moja kwa mwaka na uilinganishe na hati zako za mshahara. Mimi huzihifadhi zote katika faili lilelile lenye ile hati ya majina mawili ya baba.